Pipa ya Lupango na Ziwa la Lufira

Tukisikia neno mila, mara nyingi tunawaza ngoma, mahari na majina ya wazee. Hapa tunataka kusema juu ya mila ingine, isiyovaa nguo za sikukuu: namna ya kugawa maji. Sisi wa Ruashi tunaijua tangu utoto, na kipwa ya mwaka 2024 ilitukumbusha kwa nguvu.

Katika lupango ya wazazi wetu kulikuwa pipa moja ya lita 200, ni kusema bido kumi za jano. Mama alikuwa na fimbo yenye alama tatu. Kila asubuhi aliizamisha ndani na kuangalia. Maji yakifika alama ya juu, tunaoga, tunafua, hakuna neno. Yakishuka hadi alama ya kati, ni ya kupika na kunywa tu. Chini ya alama ya mwisho hakuna mtu anayegusa bila kuuliza, hata baba. Maji yale yalikuwa ya mgonjwa wa usiku, ao ya kilio kwa jirani, maana mahali pa kilio kila nyumba inapeleka bido yake na hakuna anayelipisha. Mama alisema: «Ile ya chini haiko yetu, iko ya ule mwenye atakuja.» Tena maji ya kusuuza nguo yalipangusa nyumba, kisha yakamwagiwa lengalenga. Kazi tatu, maji yale yale.

Tulipofika ISP kujifunza jiografia, tulikuta fimbo ya mama ndani ya vitabu, kwa jina lingine. Union Minière ilijenga baraji ya Mwadingusha juu ya mto Lufira, na mwaka 1930 umeme ukaanza kutoka. Hapo ndipo lilizaliwa ziwa tunaloita Tshangalele, juu ya mabwawa na udongo wa watu. Mwaka 1950 wakaongeza Koni, chini yake, ili maji yaliyopita katika mashini za juu yafanye kazi mara ya pili. Kwenye Lualaba ni vilevile: Nzilo mwaka 1952, Nseke chini yake mwaka 1956. Lengalenga ya mama, basi.

Shida ya kazi hii ni kalenda. Mvua yetu nyingi inanyesha kati ya Novemba na Machi. Kisha mbingu inafungwa, na ziwa linapaswa kutumikia mashini mpaka mvua irudi. Anayefungua sana mwezi wa tano atalia mwezi wa kumi. Na Tshangalele ni ziwa pana lisilo na kina kirefu, kwa hiyo jua linakunywa sehemu yake kila siku bila kuomba ruhusa. Pembeni kuna wavuvi, ambao samaki wao tunawala hapa Lubumbashi. Wao hawapendi maji yashuke mpaka majani ambamo samaki wanazalia yabaki inje. Mwenye mashini anataka maji yapite. Tangu 2017 bonde la Lufira limeandikwa kwenye orodha ya Ramsar ya mabwawa ya kulindwa, lakini orodha haiongezi mvua.

Mfano mkubwa uko kwa jirani zetu wa Zambia. Ziwa la Kariba linagawanywa na nchi mbili, Zambia na Zimbabwe, na mamlaka ya mto Zambezi inapanga kila mwaka kila moja ipate maji kiasi gani. Fimbo yao inaanza mita 475,50 juu ya bahari na kuishia mita 488,50. Chini ya hapo mashini zinanyamaza. Mwaka 2022 walipanga mita za kibe miliari 45, nusu kwa nusu. Upande wa Zimbabwe ukamaliza sehemu yake mbele ya mwaka kuisha, na mwezi wa 11 mamlaka ikawaandikia wasimamishe mashini: maji ya kutumika yalikuwa yamebaki chini ya 5 kwa 100. Mwaka 2024 mvua ilikatala kabisa, na mgao ukashuka hadi miliari 16. Tarehe 29 Februari mwaka ule Rais Hichilema alitangaza ukame kuwa msiba wa taifa. Karibu hektari milioni moja za mahindi ziliharibika. Sisi tunaokula bukari ya unga unaopita Kasumbalesa hatukuhitaji gazeti ili tujue.

Mtu atauliza: baraji inatuhusu nini, kama hatunywi maji yake? Inatuhusu sana. Maji ya robine mu Lubumbashi, sehemu kubwa yanavutwa chini ya udongo kwa pompe, na pompe inakula umeme. Delestaji ikikaa siku tatu, robine nayo inakaa siku tatu. Ndiyo maana unaona batoto na bido juu ya kinga saa kumi za usiku, halafu saa moja na nusu wanasinzia mbele yetu mu kalasi. Hatuwezi kuwapiga kelele.

Kwenye avenyu yetu mwezi wa kumi 2024 mambo yalifika mbali. Jirani mmoja alichimba foraji yenye pompe, akaanza kuuza bido. Si vibaya, alitumia feza zake. Lakini kishima za mkono za lupango tatu za karibu zikabaki matope. Wenye kishima wakasema anakunywa maji yao kupitia chini. Yeye akajibu kwamba udongo wake ni wake mpaka chini. Kulikuwa matusi, ikabaki kidogo wapigane.

Mama mukubwa mmoja wa avenyu aliwaita wote. Hakuuliza nani mwenye haki. Aliuliza: «Usiku, pompe inalala saa ngapi?» Wakakubaliana: pompe isimame saa mbili za usiku mpaka asubuhi, ili kishima zipumue, bido mbili za kwanza za kila siku ziende kwa mwenye mgonjwa, mahali pa kilio hakuna feza. Kwa maoni yetu, huo ni usimamizi wa ziwa, hata kama hakuna injinia aliyesaini.

Kitu kimoja tulitamani: namba. Kule Kariba kipimo cha ziwa kinatangazwa, mtu anajua fimbo imefika wapi. Hatujaona namba ya Tshangalele ikibandikwa kwenye ukuta wa komini. Tuliwapa wanafunzi wetu kazi ya kupima kishima za kwao kila siku ya posho kwa kamba yenye mafundo, na daftari hilo tunaendelea nalo. Mwenye foraji alikuja kuliangalia. Alisema kamba ya watoto inadanganya. Juma lililofuata alileta yake.