DAKTARI ASIYETIBU HATA MAFUA

Msomaji, ukiitwa daktari halafu huwezi kutibu hata mafua, jiandae kusemwa. Mimi mwaka wa kumi na mbili huu nasemwa. Udaktari wangu ni wa kompyuta, na kazi yangu chuoni ni kuifundisha kompyuta isome picha za hospitali. Basi kila jamaa akipigwa picha, bahasha inaishia kwangu.

Juzi shangazi kaja na filamu zake za CT, kaziegemeza dirishani. "Haya baba, nisomee." Nikamwambia, shangazi, mimi najua namba tu. Maana picha ya CT ni namba bwana: maji ni sifuri, hewa ni 1000 chini ya sifuri, mfupa ndio unapanda juu huko. Ugonjwa anausoma daktari wa mionzi. Shangazi kasonya. "Miaka yote ile ulikuwa unasoma nini?"

Shangazi ana nafuu, balaa liko chuoni. Pale cheo unapanda kwa makala za majarida ya nje. Sasa sikia. Mwaka 2017 taasisi ya afya ya Marekani, NIH, ilitoa bure picha zaidi ya 100,000 za eksirei ya kifua. Programu yangu ilifundishwa kwa hizo, na kwa hizo inatamba kweli kweli. Iletee kifua cha kwetu sasa! Kovu la TB ya zamani inaliita uvimbe. Mtu kapona siku nyingi, yenyewe inamzushia saratani. Dawa ni kuipa picha za kwetu, na kila picha bingwa aichoree mstari: hapa kovu, hapa uvimbe. Kwa mkono, moja moja.

Miaka miwili sasa, kila Jumamosi nakaa na daktari mmoja mstaafu. Yeye anachora, mimi nahifadhi. Picha moja inaweza kula nusu saa, mzee anavua miwani, anavaa. Siku nyingine anabishana na mstari wake mwenyewe wa wiki iliyopita! Makala hakuna. Kamati ya vyeo ikakaa, ikahesabu, ikaniambia nirudi mwakani. Mwenzangu aliyebaki na picha za bure kapanda.

Siku ile nilimfikiria sana Allan Cormack, mhadhiri wa fizikia wa Cape Town. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilikosa mwanafizikia, akaombwa ashikilie kwa muda. Ndipo akaanza kupiga hesabu za jinsi mionzi inavyopungua ikipita mwilini. Akachapisha 1963 na 1964, dunia kimya. Huko Uingereza Godfrey Hounsfield, injinia wa EMI, ile ya santuri, akaunda mashine yenyewe. Mgonjwa wa kwanza kapigwa picha London 1971. Mwaka 1979 wote wawili wakapewa Nobel ya tiba, na hakuna kati yao aliyekuwa na shahada ya udaktari. Kamati yetu ingewaambia warudi mwakani.

Mke wangu anataka Jumamosi nifundishe tuisheni kama wenzangu. Ada za watoto hazijui kovu wala uvimbe, ana haki. Lakini zimebaki picha mia tatu na kitu, na mzee macho yanazidi kumsumbua. Jumamosi hii tunaanza saa mbili asubuhi, kabla hayajachoka.