Siku Moja Bagamoyo

Wahenga walisema "tembea uone". Hawakusema "tembea upate shahada". Wazazi wanapowapeleka watoto wao kusoma katika nchi za jirani huwausia waende darasani, warudi bwenini, wasipoteze fedha wala wakati. Usia huo ni mwema. Lakini iko elimu nyingine isiyoandikwa katika ratiba ya chuo, nayo aghalabu humjia mwanafunzi siku ambayo hakuipangia jambo lolote. Napenda kuwasimulia wasomaji siku moja ya namna hiyo, kwa kuwa inatuhusu hasa sisi tuliolelewa makambini.

Mimi ni binti wa sajenti wa polisi. Nililelewa katika kambi ya polisi mjini Entebbe, nchini Uganda. Katika mstari wetu wa nyumba waliishi Waacholi, Wateso, Walugbara na Waganda, na bomba la maji lilikuwa moja. Mama zetu hawakuwa na lugha ya kuazimana chumvi, kupeana pole za msiba, wala kuwaamua watoto waliopigana, ila Kiswahili. Nje ya lango la kambi mambo yalikuwa mengine. Raia wengi walikuwa wamekisikia Kiswahili kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki, penye kizuizi cha barabarani, katika miaka ile mibaya ya 1970 na 1980. Kwao ilikuwa lugha ya kuamrishwa na kuporwa. Hata katika miaka ya 1990, tulipokwenda sokoni, mama alikuwa akituminya mkono ili tusijibu kwa Kiswahili mbele za watu.

Mwaka 2009 nilikuwa Dar es Salaam katika chuo kimoja, nikisomea Kiswahili hicho hicho. Chumbani nilipangwa pamoja na binti wa Kirundi, mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaosifika kwa Kiswahili chake. Yeye naye alikuwa na mzigo kama wangu. Mimi nikisema "hii kitabu iko wapi", na yeye akisema "niko nakula", wenzetu waliangua kicheko. Hawakuwa na nia mbaya, lakini kicheko cha kila siku huchosha moyo. Mwenzangu alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuomba kuacha Kiswahili na kuhamia somo la Kifaransa. Barua ilikuwa ndani ya bahasha, juu ya meza yetu, ikingoja Jumatatu.

Jumamosi yake umeme ulikatika tangu alfajiri, na joto la chumbani likawa halivumiliki. Mwenzangu alisimama dirishani kwa muda, kisha akasema, "Dada, leo siwezi kukaa na bahasha hii. Twende mahali." Nikamwuliza wapi. Akajibu, "Popote basi la kwanza litakapotupeleka." Tulikwenda hadi kituo cha Mwenge, na utingo wa kwanza kutushika mkono alikuwa akiita abiria wa Bagamoyo. Tukapanda. Hatukuchukua chakula wala mwavuli, na nauli ya kwenda na kurudi haikufika bei ya kitabu kimoja. Tukapita Tegeta, tukapita Bunju, majumba yakapungua na minazi ikazidi, hata baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 70 tukashuka.

Bagamoyo ni mji mkimya unaotazamana na kisiwa cha Unguja. Katika karne ya 19 ndipo ilipokuwa ikiishia njia kuu ya misafara itokayo bara. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walifika hapo na pembe za ndovu mabegani, na watumwa wakafika na minyororo shingoni. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa ni "bwaga moyo". Wako wasemao kwamba mpagazi alibwaga moyo kwa furaha ya kutua mzigo, na wako wasemao kwamba mtumwa aliuacha moyo wake pale kabla ya kupakiwa chomboni. Mwaka 1888 Wajerumani waliufanya mji huo kuwa makao yao makuu, na mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam.

Tulifuata njia yenye miembe mikubwa pande mbili, ikatufikisha kwenye misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868 na kuwapa makao watu waliokombolewa utumwani. Hapo ndipo ulipolazwa mwili wa David Livingstone mwezi wa Februari 1874. Alifariki mwezi wa Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watumishi wake, akina Susi na Chuma, wakaubeba mwili huo kwa miezi mingi na mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500 mpaka pwani. Tulikaa kimya tukiwafikiria watu wale, walioamua wenyewe kubeba mzigo ambao hakuna mtu aliyekuwa hai wa kuwaamuru waubebe.

Lakini jambo lililotushika zaidi lilikuwa jingine. Kila mtoto wa Entebbe anaijua Kigungu, mahali alipotua Padri Lourdel na mwenzake Amans tarehe 17 Februari 1879. Nilikwisha kupelekwa huko na shule. Siku ile nikatambua kwamba nilikuwa nimesimama mahali walipoanzia, kwani msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe uliondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878. Nilipomwambia mwenzangu, akashtuka. "Mbona hao ni wetu pia?" akasema. Naam, msafara ulikuwa mmoja, nao uligawanyika Tabora. Sehemu moja ikaelekea ziwa Nyanza, kwetu. Nyingine ikaelekea Ujiji kwenye ziwa Tanganyika, na baadaye mwaka huo huo wa 1879 mapadri wakavuka hadi Rumonge, kwao Burundi. Na lugha ya misafara, ya kuamshana alfajiri na kugawana posho, ilikuwa Kiswahili. Basi Kiswahili cha kwao na cha kwetu vilipanda bara kwa njia moja, mabegani mwa watu wale wale.

Njaa ikatupeleka ufukoni, kwenye soko la samaki. Palikuwa na mama mmoja, mtu mzima, akikaanga changu katika karai. Tukamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, wanangu." Kisha ulimi wangu ukarudi kambini: "Mama, hii samaki iko pesa ngapi?" Akainua macho, akatabasamu.

"Samaki huyu elfu moja. Mnatoka wapi, wanangu?"

"Mimi natoka Uganda, na mwenzangu Burundi."

"Ala! Kiswahili kimefika huko kote?"

Mwenzangu ndiye aliyejibu, kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake darasani. "Kimefika zamani, mama. Kilitoka hapa."

Yule mama akageuza samaki wake upande wa pili, akafikiri kidogo, akasema, "Basi karibuni kwenu."

Hakusema "karibuni kwetu". Tulikula samaki na mihogo tukiwa tumekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, na kwa kitambo hakuna aliyesema neno. Tulitamani kufika na Kaole, umbali wa kilomita zipatazo tano, penye magofu ya msikiti wa karne ya 13. Lakini jua lilikuwa limeinama, na wasichana wawili wageni hawapaswi kukosa basi la mwisho. Tukarudi na vumbi miguuni. Jumatatu ilipofika, bahasha ilibaki pale pale mezani, na baada ya juma moja mwenzangu akaiandikia orodha ya vitu vya kununua sokoni. Leo hii anafundisha Kiswahili kwao Bujumbura.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Sisemi kwamba Kiswahili kilisafiri na wema peke yake. Bagamoyo yenyewe ni shahidi kwamba kilisafiri pia na mnyororo, na raia wa kwetu ni mashahidi kwamba kilisafiri na kizuizi cha barabarani. Lakini lugha haishiki bunduki. Hushikwa na mtu, naye huitumia kwa kadiri ya moyo wake. Marehemu baba yangu alitumia Kiswahili hicho hicho kuwapatanisha majirani wa makabila manne usiku wa manane, wala hakuna aliyelala na kinyongo. Askari anayemsalimu raia kwa upole hukisafisha Kiswahili kuliko mwalimu awezavyo kukisafisha darasani.

Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo sheria haiwezi kumwondolea mtoto haya ya kukisema mbele za watu. Kazi hiyo ni ya nyumbani.

Kwa hiyo nawasihi akina baba na akina mama wa makambini: msiwaminye watoto mikono sokoni. Waacheni wajibu. Wakikosea ngeli, watafundishwa shuleni. Na watakapokwenda kusoma nchi ya jirani, wapeni pamoja na karo fedha kidogo ya nauli ya basi, na ruhusa ya siku moja isiyo na mpango.