Dirisha la Kutazamia Ukuta

Fundi wa Keko aliligeuza dirisha langu mara mbili, akaligonga kwa vidole, akasema, "Huu mninga kabisa, dada. Mchwa hajagusa hapa." Kisha akapitisha kidole gumba kwenye mikwaruzo iliyojipanga upande wa ndani wa ubao. "Hii nitaiondoa yote kwa msasa. Nikimaliza na vanishi, utadhani limetoka dukani leo."

Nilimwambia asubiri. Nikatoka nje, nikampigia Bibi.

Dirisha hilo lilitoka Kasoli, wilayani Bariadi, kwenye nyumba ambayo Babu aliijenga kwa fedha za pamba. Ni dogo tu: fremu, vipande viwili vya mbao vinavyofungukia nje, bawaba za chuma na komeo moja. Halina kioo wala wavu. Mwezi wa saba mwaka jana nilipokwenda likizo, nilimkuta baba mdogo anang'oa madirisha yote ya nyumba ile ili aweke ya alumini. Matatu yalikuwa yameshafika jikoni, yamepasuliwa kuni. Hili la chumba cha Bibi lilikuwa limeegemezwa ukutani, linasubiri zamu yake.

Nilipiga kelele kama mtu aliyefumania mwizi.

Miezi miwili kabla ya hapo, darasa letu la uzamili lilikuwa limekwenda Zanzibar. Tulitembea Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Tuliiona Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Halafu jioni tukanywa chai mahali ambapo mlango wa zamani ulikuwa umegeuzwa meza, na fremu ya dirisha imetiwa kioo cha kujitazamia. Niliondoka pale nikiamini kwamba kupamba nyumba kwa vitu vya zamani ni namna ya kuviokoa. Kama nyumba zinaanguka, basi angalau dirisha lipone.

Kwa hiyo nilimwomba baba mdogo anipe lile moja. Nilimweleza Bibi kwamba nitalitundika kwenye chumba changu Dar es Salaam, juu ya meza ya kusomea.

"Utatoboa ukuta?" akauliza.

"Hapana, Bibi. Ni pambo tu."

"Kwa hiyo utalifungua utazame ukuta."

Wote walicheka, nami nikacheka. Nikalipiga picha likiwa juani, rangi yake ya bluu imebanduka vizuri, nikaiweka Instagram na maneno: "Uzuri wa zamani haufi." Watu walipenda. Usiku huo mdogo wangu, binti wa baba mdogo, ambaye alilala chumba kile na Bibi miaka yote ya shule ya msingi, akaniandikia faragha: "Dada, uzuri gani? Ukilifungua unaingiza mbu. Ukilifunga unasoma gizani saa nane mchana. Wewe ulikuwa unakuja likizo tu."

Sikumjibu. Nimekulia Mwanza, kwenye nyumba ya madirisha ya vioo yenye nyavu. Nilikuwa nimeipiga picha shida ya mwenzangu nikaiita uzuri. Kesho yake nilimpa baba mdogo fedha nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya fundi, ili dirisha jipya la chumba kile liwekewe wavu. Nilidhani hapo tumelipana.

Sasa nilikuwa Keko, simu sikioni, namweleza Bibi kuhusu mikwaruzo.

"Hiyo ni pamba," akasema.

Kabla ya Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, Bibi alikuwa akiishi kwenye msonge usio na dirisha hata moja. Hilo lilikuwa dirisha lake la kwanza maishani, na kwa kuwa hakujua kuandika, aliligeuza daftari. Kila walipopeleka pamba kupimwa na kurudi mikono mitupu, wakiambiwa fedha zitakuja, usiku alichukua msumari akachora mstari kwa kila gunia. Mrefu kwa pamba safi, mfupi kwa pamba fifi. Malipo yakija, anaukata.

"Ambayo haijakatwa ni mingapi?" akaniuliza.

Nilirudi ndani nikahesabu mbele ya fundi. "Kumi na mmoja, Bibi. Yote mirefu."

"Eeh. Bado kumi na mmoja."

Alisema kana kwamba mdaiwa yuko njiani. Nikamuuliza ilikuwa mwaka gani. Mwaka hakuukumbuka. Alikumbuka kwamba ndio mwaka shangazi yangu mkubwa alipochaguliwa kwenda sekondari, na alihitaji godoro, sanduku, sare na nauli. Wakasubiri malipo mpaka shule ikafunguliwa. Wakaendelea kusubiri.

Katika ukoo wetu, tangu nipate akili, inasemwa kwamba shangazi hakupenda shule. Hata mimi nimewahi kulisema hilo, mbele yake, kwa utani.

Nilimwambia fundi aache ubao wa ndani kama ulivyo. Aufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu na akaze bawaba. Upande wa nje, wenye ile bluu, nilimwomba asiukwangue ukiwa mkavu, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilichanganywa na risasi na vumbi lake ni sumu. Alinitazama kama mteja anayelipa fedha apewe kazi nusu. "Litabaki na makovu, dada," akasema. Nikamwambia ndiyo.

Nimelitundika limefunguka, upande wa mikwaruzo ukitazama chumba. Picha yake mpya sijaiweka popote. Ile ya zamani niliifuta, nikamwandikia mdogo wangu kumwomba radhi. Alinijibu kwa picha ya kitabu chake kikiwa chini ya dirisha jipya, saa nane mchana.

Mwezi wa kumi na moja shangazi alikuja Dar kwa matibabu, akalala kwangu siku nne. Jioni ya kwanza alivua viatu, akaketi kitandani, akaliona. Hakuuliza limefikaje. Alisimama, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza usiokatwa, akaenda nao mmoja mmoja mpaka mwisho. Sikuwa nimemwambia neno.

"Mama bado anaihesabu?" akauliza.

"Bado, Shangazi."

Akatikisa kichwa, akarudi kuketi. Kisha akaniuliza tasnifu yangu imefika wapi, na safari hii nilimjibu sura kwa sura.