Tai Yangu na Ngazi ya Mdogo Wangu

Katika kabati langu hapa Kitale imo tai moja iliyofifia rangi, ambayo mke wangu ameniomba mara nyingi aitupe. Ni tai ya shule yangu, shule ya sekondari ya bweni katika Bungoma, iliyoanzishwa na misheni. Sijakubali kuitupa, lakini leo nataka kukiri jinsi ilivyonitia majivuno, hata nikamvunjia heshima ndugu yangu wa tumbo moja.

Sisi tuliosoma katika shule za bweni twajua maana ya kuipenda shule. Tulikuwa na wimbo wetu, mabweni yenye majina, na desturi ambazo hakuna aliyeweza kusema zilianza lini. Katika sehemu zetu hizi mapenzi hayo huonekana hasa katika mchezo wa magongo. Shule ya Friends Kamusinga, iliyofunguliwa na misheni ya Marafiki mwaka 1957, inapokutana na St. Anthony's ya Kitale, ambayo ni ya Wakatoliki, utawaona watu wazima, makarani na wakulima, wakipiga kelele kana kwamba wao wenyewe ndio wameshika magongo. Mimi ni mmoja wao, wala sioni haya.

Mdogo wangu hakupata bahati hiyo. Baba alikuwa amefariki, na fedha za karo zilikwisha kwangu mimi mzaliwa wa kwanza. Kwa hiyo alikwenda katika chuo cha ufundi cha kijiji, karibu na nyumbani, kujifunza uashi na useremala. Kila jioni alirudi kwa miguu akiwa na vumbi la saruji katika nywele. Krismasi moja, mbele ya wageni, nilimwuliza kwa mzaha: "Je, chuo chenu nacho kina wimbo?" Watu wakacheka. Yeye hakujibu, aliinuka akatoka nje. Tangu siku ile akawa ananisalimu kama mtu amsalimuvyo ofisa, akiisha salimu huenda zake.

Laiti ningalijua habari za vyuo hivyo, nisingalisema neno lile. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza vijana wamalizao shule ya msingi wataelekea wapi, na kutokana na fikira ile vikaanzishwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Mahali pengi wenyeji ndio waliotoa ardhi, mawe, mchanga na nguvu za mikono, kwa moyo wa Harambee. Majina ya vyuo hivyo yamebadilika mara kadha, na Katiba ya mwaka 2010 imeviweka mikononi mwa serikali za kaunti. Lakini mizizi yake ni ile ile ya wanakijiji.

Basi, mwaka wa pili wake chuoni, mwezi wa Aprili, mvua kubwa ilikuja na upepo ulioezua nyumba ya Mama na kuangusha ukuta mmoja. Nilipopigiwa simu, nilipanda gari Kitale, tukapita Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye, kisha Bungoma. Njia nzima nilikuwa nikihesabu fedha nilizo nazo, maana mwezi ulikuwa katikati, na mshahara wa karani mnaujua.

Nilipofika niliwakuta vijana kumi na wawili, wavulana na wasichana, wamevaa makoti ya kazi. Wengine walikuwa wakikanda udongo, wengine wakinyosha mabati yaliyokunjamana. Mwalimu wao alikuwa pale pia. Nikamvuta kando, nikamwuliza kazi ile itagharimu kiasi gani. Akatabasamu akasema: "Mzee, hii ni desturi ya chuo. Kila darasa linalokaribia kumaliza hufanya kazi moja bure kwa mtu wa kijiji aliyepatwa na shida. Wazee ndio waliofyatua matofali ya darasa letu la kwanza bila kulipwa; nasi tunalipa deni."

Niliwatazama wale vijana. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati matofali yale yalipofyatuliwa, wala majina ya wazee wale hawayajui wote. Hata hivyo walikuwa wakilipa. Hapo nikazikumbuka desturi zetu za bweni. Zilikuwa nzuri, nazo zilitufanya kuwa ndugu. Lakini zote zilikuwa za sisi kwa sisi, ndani ya ua. Desturi ya hawa ilitoka nje ya ua ikamfikia mama yangu.

Nilikuwa nimesimama bila kazi, nimevaa shati la ofisini, mara nikasikia sauti kutoka juu ya paa: "Kaka, nishikie ngazi." Alikuwa mdogo wangu. Nikaishika mpaka jua lilipotua. Aliposhuka nikamwambia, wale wenzake wakisikia, "Ndugu yangu, lile neno la Krismasi nilikosa. Nisamehe." Akacheka, akanipa nyundo niibebe. Naye Mama, aliyekuwa akipakua ugali, alisema: "Tai yako nzuri, mwanangu, lakini haizuii mvua."

Ndugu wasomaji, sisemi tuache kuzishangilia shule zetu. Siku ya magongo nitakuwapo kiwanjani kama kawaida. Nasema tu kwamba desturi ya shule ipimwe kwa kuuliza ni nani mwingine, asiyekuwa mwanafunzi, aliyefaidiwa nayo. Tena, mwenye mtoto au ndugu katika chuo cha ufundi asimwonee haya. Aende akakitazame chuo chenyewe. Huenda akakuta pale matofali yaliyofyatuliwa na baba yake.