Mgeni Njoo, Mwenyeji Aumie

Boriti iliyokatwa katika mikoko ya Rufiji au ya Lamu ilikuwa na bei yake katika pwani hii, na ilipofika Ghuba, kwenye miji isiyo na misitu, ilikuwa na bei nyengine. Hakuna aliyeona ajabu. Baina ya bei mbili hizo palikuwa na bahari, palikuwa na msimu wa kusi uliongojewa kwa subira, na palikuwa na roho za mabaharia. Tofauti ya bei ilikuwa ndio ujira wa safari.

Mchezo wa video unaouzwa kwa intaneti hauna safari ya namna hiyo. Hauna uzito, haulowi maji, haulipiwi ubao wa jahazi. Unateremka kwenye mashine ya mnunuzi wa Berlin sawasawa na unavyoteremka kwenye mashine ya mnunuzi wa Buenos Aires. Hata hivyo bei zake ni mbalimbali, na pengine zimepishana mno. Ndipo lilipozuka kundi la watu wenye hesabu kali, ambao kabla ya kununua mchezo huzunguka kwanza maduka ya nchi za mbali, kama mama anayezunguka soko zima kabla ya kufungua pindo la kanga yake.

Inafaa kuuliza bei hizo za chini zilitoka wapi. Hazikutoka kwenye huruma. Duka la Steam, lililofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Valve ya Marekani, huwaruhusu wenye michezo kupanga bei kwa kila sarafu inayopokelewa dukani. Nakala moja zaidi haimgharimu muuzaji takriban kitu chochote; kwa hivyo ni bora kwake kuuza kwa bei ndogo kwa mtu anayelipwa mshahara wa peso kuliko kutomuuzia kabisa, au kumwachia achukue nakala ya wizi. Bei ilipimwa kwa mfuko wa mwenyeji.

Mgeni naye akaiona. Kuingia kwake hakukuhitaji nauli. Aliibadilisha nchi katika akaunti yake, akaficha mahali alipo kwa programu za mtandao, au akanunua kadi za salio za nchi ile, akalipa kama mzaliwa. Maduka yakajibu kwa makomeo. Mwaka 2021 Steam ilizuia kubadilisha nchi zaidi ya mara moja katika miezi mitatu, na ikataka malipo yatoke kwenye njia ya malipo ya nchi hiyo hiyo.

Mwisho wa kisa ulikuja tarehe 20 Novemba 2023. Siku hiyo Steam iliacha kuuza kwa peso ya Argentina na lira ya Uturuki, ikahamia dola ya Marekani. Sababu iliyotangazwa ni kuyumba kwa sarafu hizo, kulikowafanya wenye michezo washindwe kupanga bei. Bei mpya ziliweza kuwekwa chini ya zile za Marekani, lakini zilikuwa za dola. Wiki tatu baadaye serikali mpya ya Argentina iliishusha thamani peso yake: kwa kiwango rasmi dola moja ikatoka takriban peso 366 hadi 800. Mwaka ule mfumuko wa bei ulifika asilimia 211. Kijana wa Rosario au Córdoba, aliyekuwa akinunua mchezo kwa sarafu ya mshahara wake, akajikuta anaununua kwa sarafu ambayo kila asubuhi ilimkimbia.

Haitakuwa haki kusema kwamba wageni ndio walioiangusha peso. Peso ilikuwa na maradhi yake mwenyewe. Lakini kila mgeni aliyenunua kwa bei isiyokuwa yake alimpa muuzaji sababu moja zaidi ya kuiona bei ya mwenyeji kuwa ni tundu la kuzibwa. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, akala, akaondoka, wala hakujua hata jina la mwenyeji wake.

Je, basi, mwenye kubana matumizi alaumiwe? Hapa pana uzito. Duka hilo hilo la Steam halina bei kwa shilingi, iwe ya Tanzania au ya Kenya. Kijana wa Unguja huoneshwa dola, wala hakuna aliyekaa kuupima mfuko wake. Akiitazama bei ya nchi nyengine kwa jicho la tamaa, ni vigumu kumwita mwizi. Huko Ulaya sheria yenyewe ilisimama upande wa wavukao mipaka: mwezi Januari 2021 Kamisheni ya Ulaya iliwatoza Valve na wachapishaji watano wa michezo faini ya jumla ya euro milioni 7.8, kwa kuwazuia wanunuzi kutumia katika nchi moja ya Umoja michezo waliyoinunua katika nyengine. Duka linalojinufaisha kwa soko lisilo na mipaka haliwezi kushangaa mnunuzi naye anapodai asiwekewe mipaka.

Kuna jambo jengine, na hili linamhusu kila apendaye maneno. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, ilimpa haki Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand aliyekuwa akiletewa vitabu vya kiada vya bei nafuu kutoka kwao na kuviuza Marekani. Aliyenunua kitabu kwa halali, ikasemwa, ni mwenye kitabu. Mnunuzi wa mchezo wa intaneti hana umwenye huo. Alichopewa ni ruhusa, na ruhusa hupokonywa. Akigundulika kwamba alidanganya mahali alipo, akaunti inaweza kufungwa pamoja na vyote vilivyomo, hata vile alivyolipia bei kamili. Ndiyo maana sheria ya California, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inalikataza duka kutumia neno "nunua" kwa bidhaa kama hizi bila ya kumweleza mteja wazi kuwa anapata leseni. Mara chache bunge hukaa kutetea maana ya kitenzi.

Komeo la ajabu kuliko yote limetoka Japani. Tarehe 5 Juni 2025 Nintendo ilitoa mashine yake ya Switch 2, na huko Japani ikaiuza kwa namna mbili. Yenye lugha nyingi ilikuwa yen 69,980. Inayosema Kijapani peke yake, na isiyokubali ila akaunti ya Japani, ilikuwa yen 49,980. Yen ilikuwa dhaifu, na wageni wangeweza kuzikomba mashine za wenyeji. Basi bei ya mwenyeji ikazungushiwa ua, na ua wenyewe ukawa ni lugha. Atakaye unafuu na ajifunze Kijapani.

Mshairi angelicheka hilo, kisha angenyamaza. Kwa mara moja lugha ya watu imewalinda katika mambo ya mfukoni: anayeijua analipa kidogo, na mgeni anayetaka kuingia analipia mlango kwa kusoma, kama nahodha alivyoulipia kwa kungoja pepo. Waargentina hawakuwa na kinga hiyo. Kihispania chao kinasemwa na watu wengi wa dunia ya magharibi, na bei yao ilikuwa wazi kwa kila apitaye.