Sauti ya Marijani na Mkataba wa Mpwa Wangu

Marijani Rajabu alifariki dunia tarehe 23 Machi 1995, akiwa na umri wa miaka 40. Mtu aliyeitwa Jabali la Muziki, ambaye sauti yake iliingia karibu kila nyumba yenye redio nchini, aliimaliza miaka yake ya mwisho akiuza kanda za kaseti ili apate riziki. Habari hiyo husimuliwa kama msiba wa mtu mmoja. Mimi naiona kuwa suala la sera na sheria, na ningependa, ndugu msomaji, tulitazame hivyo.

Nilizaliwa Uchindile, huko reli ya TAZARA inakoacha bonde la Kilombero na kuanza kupanda milima kuelekea Makambako. Utotoni mwangu, mwishoni mwa miaka ya 1980, hatukuwa na ukumbi wa dansi. Dansi ilitufikia kwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Marehemu baba alikuwa akianika betri juani mchana kutwa ili jioni zipate nguvu ya kutufikisha mwisho wa kipindi cha salamu. Ndivyo tulivyomjua Zuwena na Georgina, sisi watoto ambao hatukuwahi kuiona Dar es Salaam wala hata Morogoro mjini.

Mwenye sauti ile alizaliwa Kariakoo mwaka 1955. Alipokuwa na miaka 14, mwaka 1969, viongozi wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, kwa hoja kwamba ulikuwa ukiharibu maadili ya vijana. Mwaka huohuo Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa katika Operesheni Vijana, ukipambana na sketi fupi na nywele za bandia. Kizazi cha Marijani kilikulia katikati ya mvutano huo: masikio yakiwa kwa James Brown na kwa rumba ya Kongo, na dola ikiwa mlangoni kuuliza kinachopigwa ndani. Marijani aliingia STC Jazz, akapata jina akiwa na Safari Trippers, kisha akaing'arisha Dar International. Aliimba kwa Kiswahili safi habari za ndoa, shule, ulevi na usaliti.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Serikali ya wakati ule ilijali sana kijana asikilize nini. Haikujali kwa kiasi hichohicho mwimbaji alipwe nini. Vyombo vya muziki vilikuwa mali ya mwenye bendi, awe shirika la umma au mfanyabiashara. Mwanamuziki akiondoka, aliondoka na koo lake tu. Studio ya kutegemewa ilikuwa ya redio ya taifa, na kurekodi pale kulileta jina kuliko fedha. Santuri zilitengenezwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo nayo ikabana. Zilipoenea kaseti, vibanda vya mitaani vilinakili nyimbo bila kumuuliza mtunzi. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1966, lakini hapakuwa na chombo cha kumkusanyia msanii haki yake. Sheria Namba 7 iliyozaa COSOTA ilitungwa mwaka 1999, miaka minne baada ya Marijani kuzikwa.

Ningeyaacha haya kwa wanahistoria kama si mpwa wangu. Anaimba bongo fleva, ana sauti nzuri, na elimu yake ni ya kidato cha nne. Mwaka jana alinitumia kwa simu picha za mkataba wa kurasa tatu, wote kwa Kiingereza, akauliza: “Mjomba, nisaini?” Niliusoma mara mbili. Kwa malipo ya mara moja, kila wimbo atakaorekodi ungekuwa mali ya mtayarishaji milele. Kuhusu mapato ya redio na ya mtandaoni, haukusema neno. Nilimwandikia asisaini kabla ya kuomba mambo matatu: ukomo wa miaka, mgawanyo wa mapato, na nakala ya Kiswahili.

Jibu lake halijaniacha hadi leo: “Nimekuelewa, mjomba. Ila nikikataa, Ifakara wapo vijana kumi wanaoisubiri nafasi hii.”

Hapo shahada zangu hazikunisaidia. Kijana ana haki katika kitabu cha sheria, lakini mezani yuko peke yake, na njaa yake inajulikana na mwenye mkataba. Hata hivyo aliyaomba yale mambo matatu. Hajajibiwa. Kwa sasa yuko Mlimba katika mashamba ya mpunga, na huniuliza kila mwezi kama kukataa kulikuwa busara. Namwambia ndiyo, nikijua kwamba gharama ya busara hiyo anailipa yeye, mimi silipi.

Kwa hiyo siwaombi vijana ujasiri zaidi. Wanao wa kutosha. Nawaomba maofisa utamaduni wa wilaya mnaonisoma: kwa nini mkataba wa msanii usipitiwe bure ofisini kwenu kabla haujasainiwa, na kwa nini usiandikwe kwa lugha anayoimbia? Wanafunzi wa sheria, wekeni siku moja kwa mwezi ya kuwasomea wasanii mikataba yao, nanyi wanaharakati muwabebee hoja hii bungeni. Mtayarishaji akijua kwamba vijana wote kumi wa Ifakara watauliza maswali yaleyale matatu, hatakuwa na wa kumkimbilia. Mpwa wangu atavuna mwezi wa sita. Ningependa hadi wakati huo awepo mtu mwingine, mbali na mjomba wake, wa kumpelekea karatasi zile.