Sindano za Bawasiri: Ipi Yatufaa?

Yapo maradhi ambayo askari huyataja hadharani, kama vile malaria na maumivu ya mgongo. Bawasiri si mojawapo. Hufichwa hata kwa mke wa ndoa, mpaka damu itakapoonekana kwenye nguo.

Mdogo wangu, askari polisi, alikaa miezi minne akiona damu chooni. Aliponieleza, alikwisha kuahidiana na mtu mmoja wa mtaani ajiitaye daktari, amdunge "sindano ya kukausha" nyumbani kwake. Chupa ya dawa haikuwa na jina. Nilimwomba asubiri, tukaenda hospitalini.

Huko alipimwa kwanza, kwa maana si kila damu ni bawasiri. Saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu. Ilionekana kuwa yake ni bawasiri ya ndani, hatua ya kwanza: inatoa damu, lakini haijatokeza nje. Katika hatua ya pili kivimbe hutokeza wakati wa haja kikarudi chenyewe. Katika ya tatu hurudishwa kwa kidole. Katika ya nne hakirudi tena. Sindano huzifaa hasa hatua mbili za mwanzo.

Nilimwuliza daktari ni sindano gani. Kongwe itumikayo mpaka leo ni fenoli ya asilimia 5 iliyochanganywa na mafuta ya lozi. Mililita 3 hadi 5 hudungwa chini ya utando, juu ya kivimbe. Dawa huleta uvimbe mdogo, kisha kovu, na kovu hilo huibana mishipa ya damu na kuushikiza utando mahali pake. Bei yake si kubwa. Mwenye mzio wa lozi au karanga yampasa aseme mapema.

Ya pili ni polidokanoli, ambayo hutumika pia kwa mishipa ya miguu iliyovimba. Yaweza kudungwa ikiwa maji, au ikachanganywa na hewa ikawa povu. Povu hugusana na mshipa kwa muda mrefu zaidi, na katika utafiti uliotangazwa Ujerumani mwaka 2013, kwa wagonjwa wa hatua ya kwanza, lilishinda maji. Kama ningechagua kwa ubora tu, ningechagua povu.

Ya tatu hutumika Japani tangu 2005: mchanganyiko wa chumvi ya alumini na asidi ya tanini, unaodungwa sehemu nne za kila kivimbe. Hiyo yaweza hata bawasiri zinazotokeza, lakini yataka daktari aliyefundishwa hasa kazi hiyo. Kwa hatua ya kwanza naiona ni kutwanga mchele kwa kinu cha mtama.

Mdogo wangu alipewa fenoli, kwani ndiyo iliyokuwapo. Ilichukua dakika chache, bila ganzi. Sababu ni kwamba sehemu ya juu ya njia ya haja haina mishipa ya fahamu ya maumivu kama ya ngozi. Ukishuka chini kidogo tu, maumivu ni makali mno. Na kwa mwanamume, sindano ikizama upande wa mbele, yaweza kufika kwenye tezi ya kiume na kuleta damu katika mkojo au jipu. Huko Marekani, baada ya 1871, siri ya fenoli iliuzwa kwa waganga wa kutangatanga, na wengi waliumizwa. Yule wa mtaani angelijuaje mpaka huo?

Kasoro ya fenoli ni kwamba damu yaweza kurudi baada ya muda, ikalazimu kurudia. Kwa hatua ya pili, kufunga kwa mpira mdogo hudumu zaidi, ingawa huuma zaidi. Mboga, maji na kutojikaza chooni havina budi kufuata tiba yoyote ile. Baada ya sindano, uzito wa siku moja au mbili si ajabu; lakini homa, maumivu yanayozidi, au kushindwa kukojoa, ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.